Muulize Mzee wa Besi: Gitaa lililozimwa Kimara

Mwezi huu barua na meseji zimenijia kama zimeambiana. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: kanisani tunaabudu au tunaburudishwa? Nimechagua nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nimeikata, mwenyewe atanisamehe.

Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka 22, napiga gitaa la solo kwenye kanisa letu la kilokole huku Kimara. Sikuwa na mwalimu, nimejifunza kwa kuangalia simu. Ninazozipenda ni bendi za roki za Kikristo za Marekani, hasa zile za zamani. Jumapili moja mwezi uliopita tukiwa kwenye kuabudu nikakanyaga pedali ya kukwaruza nikapiga solo kama dakika mbili. Vijana walishangilia, wengine walipanda juu ya viti. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa akaniita pembeni, akasema nimeleta disko madhabahuni na muziki ule una pepo. Mchungaji hakusema kitu. Jumapili iliyofuata napiga, najisikia kwenye amplifaya yangu tu, kumbe kule kwenye mikisa, mtambo unaochanganya sauti kwenda kwenye spika, nimezimwa. Imeniuma. Mzee, roki ni ibada au ni burudani? Nihame kanisa?
Kijana wa Solo, Kimara

Marahaba, mwanangu. Nianze na kule kuzimiwa gitaa, maana hapo pameniuma hata mimi. Nina miaka kumi na tisa nyuma ya mikisa ya kanisa, na nakiri niliwahi kumzimia mtu. Ilikuwa woga tu. Kijana akikosea, mtu mzima anamwita anamwambia. Kumwacha avute nyuzi, afumbe macho, atokwe jasho, na sauti yake inaishia kwenye waya, huko ni kumfanya sanamu la dukani. Kamuulize fundi wako, kwa upole, nani alimtuma. Unaweza kukuta mchungaji mwenyewe hana habari.

Tuje kwenye pepo. Siku kwaya kuu ya kanisa lenu ikisimama, tega sikio. Beti mbili zinaimbwa polepole, watu wametulia, kisha linakuja chemko, ndilo sebene: solo linaanza kuzunguka huko juu, ridhim inaitikia, besi inarukaruka, na kina mama wanatoka kwenye mabenchi na vitambaa mkononi. Mpangilio huo mimi naujua kwa vidole. Miaka ya themanini nilipiga besi kwenye bendi ya dansi hapa mjini. Tulizunguka kumbi za Kinondoni, Ilala na Magomeni, wakati DDC Mlimani Park wameushika mji na kila kona unasikia Sikinde, ngoma ya ukae. Wimbo ukiwa polepole watu wanakunywa. Ukifika kwenye chemko wanaziacha chupa wanaingia kati. Sebene lenyewe tulilipokea kutoka Kinshasa, na huko Kinshasa halikuzaliwa sakristia. Leo liko kanisani kwenu, na nina hakika mzee wako hulichezea, pengine kwa kuinama kidogo kwa sababu ya mgongo. Hilo limeshaokoka. Lako, kwa kuwa limetoka California na linanguruma kama mashine ya kusaga, bado linaombewa.

Wala si jambo la jana. Kile kinanda cha mabomba, ambacho kikilia kila mtu anajiona yuko mbinguni, kilibuniwa Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, na fundi aitwaye Ktesibios, kikiendeshwa kwa nguvu ya maji. Warumi wakakipeleka kwenye viwanja vya mapigano. Huko Zliten, Libya, kulifukuliwa sakafu ya vijiwe vya rangi yenye picha: mpiga kinanda na wapiga tarumbeta wako kazini, na jirani yao wapiganaji wanachinjana. Ndiyo bendi ya uwanjani ile. Wakristo wa kwanza hawakutaka kusikia habari zake, na zilipita karne nyingi kabla hakijaingia kanisani. Kilipoingia nako hakikukaa kwa amani. Kule Zurich, Uswisi, wakati wa matengenezo ya kanisa yaliyoongozwa na mhubiri Zwingli, ambaye mwenyewe alikuwa hodari wa kupiga vyombo, kinanda cha kanisa kubwa la mji kilibomolewa mwaka 1527.

Kwa hiyo kama ulikuwa unataka cheti kwamba gitaa lako halina pepo, chukua, nimeshatia sahihi. Ila usikimbilie kumwonyesha mzee. Ana hoja yule, isipokuwa ameisema vibaya.

Bendi unazozipenda nazifahamu. Kaseti za kwanza niliazimwa na baharia mmoja aliyeshuka bandarini, na sikumrudishia. Larry Norman alitoa Upon This Rock mwaka 1969, na wengi wanaihesabu kuwa ndiyo albamu ya kwanza ya roki ya Kikristo. Nywele zake zilifika mabegani, na aliimba mitaani na majukwaani kati ya vijana wa California walioitwa Watu wa Yesu, mahipi waliookoka bila kunyoa. Makanisa mengi yaliwakunjia uso. Calvary Chapel kule Costa Mesa likawapokea na miguu yao pekupeku, na mwaka 1971 likaanzisha Maranatha! Music, ambako zilirekodiwa nyimbo nyepesi ambazo mtu yeyote aliyeko kwenye benchi angeweza kuzidaka na kuimba.

Umeona hapo? Tangu siku za mwanzo mambo yalikuwa mawili. Kulikuwa na roki ya kwenda nje, jukwaani, kumfuata mtu asiyekanyaga kanisani. Na kulikuwa na nyimbo za waumini wenyewe, ambazo gitaa limo lakini limekaa kama chumvi. Petra walianza mwaka 1972 huko Fort Wayne, Indiana, na kwa miaka mingi walikuwa bendi ya jukwaani. Mwaka 1989, walipotaka kufanya nyimbo za kusifu, walitengeneza albamu ya pembeni na kuibandika jina lisilomdanganya mtu: Petra Praise. Stryper, wale wa mistari ya njano na nyeusi kama nyigu, walikuwa wakirusha Agano Jipya kwa watazamaji. Kitendo kizuri, ila waliorushiwa walikuwa watu waliokata tiketi.

Mpaka ninaouona mimi ni huo, sina mwingine. Mtu aliyelipa kiingilio anakudai. Amekuja kukusikiliza wewe, mpe solo, mpe dakika tano, piga kwa meno ukiweza. Asipopenda azomee, ni haki yake. Ibadani hakuna aliyekulipa. Yule bibi wa benchi la tatu alikuwa anaongea na Mungu wake habari za mjukuu, ukamkatiza dakika mbili nzima, na wala hana ruhusa ya kukuzomea.

Usije ukanielewa kwamba burudani ni dhambi. Neno lenyewe lina ubaridi ndani yake: mtu katoka juani, kapewa maji ya mtungini, kaburudika. Na Biblia yetu haikulionea haya. Matendo 3:19, Petro anawaahidi watu "nyakati za kuburudishwa kwa kuwako kwake Bwana". Ibada nayo ni ndugu wa abudu, na wote wametoka nyumba moja na abdi, yaani mtumwa. Ni kazi ya mtu aliye chini ya mwingine. Mtumwa katikati ya kazi anaruhusiwa kunywa maji. Matata yanaanza akitupa jembe akahamia mtungini.

Nikusimulie nilichokiona. Fundi mitambo hukaa nyuma kabisa, kwa hiyo mimi ibada naijua kwa visogo. Mkesha mmoja wa mwaka mpya, kanisa sitalitaja, watu walikuwa kwenye pambio la kuabudu, polepole, na sauti zao zilikuwa zinanifikia kule nyuma zikiishinda spika. Raha ya fundi ni hiyo. Unashusha kidogo, unawaachia. Mpiga solo akakanyaga pedali. Hata ubeti haujaisha, sauti za watu zimekatika kama maji ya bomba, na pale palipokuwa na mikono juu zikainuka simu. Nilihesabu kumi na nne kwenye safu mbili za mbele yangu. Kijana alipiga vizuri mno, sitamdhulumu. Halafu umeme ukakatika. Giza, gitaa limekufa katikati ya noti, kimya. Sekunde nne, tano. Kisha mama mmoja upande wa kushoto akaliokota lile pambio palepale lilipoangushwa, kanisa zima likamfuata gizani mpaka jenereta ikawashwa.

Ningekuwa mhubiri ningeishia hapo mseme amina. Bahati mbaya wiki tatu baadaye umeme ulikatika tena, safari hii kwenye wimbo wa Tenzi za Rohoni. Watu wakaendelea bila kukosea silabi, na kwa mwanga wa simu zao niliwaona wawili wanajibu meseji huku wanaimba sauti ya pili. Wimbo uliouzoea unajiimba wenyewe. Kwa hiyo sikwambii kwamba ukizima vyombo, kinachobaki ni ibada. Ninachokwambia ni kidogo zaidi: lile solo liliwafunga watu midomo, nililisikia kwa masikio yangu.

Mwafrika mwenzetu Agostino, askofu wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo, alilihangaikia hilo kuelekea mwaka 400. Katika Maungamo yake anasema akijikuta ameguswa na uimbaji kuliko kinachoimbwa, anajihesabu ametenda dhambi, na angetamani asingemsikia mwimbaji. Lakini nyimbo hakuzifuta. Alikumbuka machozi yaliyomtoka kwa kusikia nyimbo za kanisa siku zile alipoirudia imani, akaona zibaki. Jamaa mwenye akili ile aliliacha swali nusu nusu, basi na sisi tusijifanye tumelimaliza.

Sasa ya ufundi, ambayo mzee wako hakukuambia kwa kuwa haijui. T, k, s, ch, yaani konsonanti zinazomfanya mtu alishike neno, kueleweka kwake kunategemea sana sauti za kati kwenda juu, tuseme hezi 2,000 mpaka 4,000. Gitaa likikwaruzwa linajaza chumba hichohicho. Ndiyo maana mzee alisikia ngurumo na hakusikia jina la Bwana, akamaliza mwenyewe kwamba ni pepo. Maneno yakiwa yanaimbwa, toa mguu kwenye pedali, piga safi, nyuzi chache. Maneno yakiisha, tena kwenye sifa ambapo watu wanaruka, kwaruza. Mistari minne. Umesikia? Dakika mbili ni za kwenye tamasha. Na kiongozi wenu mwambieni ashushe ufunguo, yaani aanzie sauti ya chini, hizo nyimbo mnazozitoa kwenye simu zimerekodiwa na watu wenye koo za kazi. Mama wa kawaida akifika kwenye kiitikio anabaki anafungua mdomo kama samaki.

Usihame. Mwombe mzee aje mazoezini Jumamosi, mpe kiti karibu na amplifaya yako, umpigie wimbo anaoupenda yeye. Mnunulie na soda. Isiwe ya baridi sana.

Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Ni mwanakwaya wa sauti ya pili, Mbagala, mwaka wa kumi na sita sasa. Linalonisumbua ni kutunza. Mwimbaji akisimama, hata wimbo ukiwa wa toba, watu wanapanda na noti, wengine wanambandika kwenye paji la uso. Mwezi wa nne tulialika mwimbaji wa kujitegemea. Alikuja na nyimbo zake kwenye flashi, akawa anachezesha midomo, akatunzwa kuliko kwaya nzima. Niseme ukweli, hata mimi niliwahi kutunzwa elfu ishirini nikaipokea. Hii ni ibada kweli?
Mama Sauti ya Pili, Mbagala

Amina, dada yangu. Elfu ishirini umeshaila, tusiifukue.

Kutunza hatukuletewa na wamisionari. Ni mambo yetu ya ngomani na ya taarabu, na kwenye taarabu kuna lugha yake. Mtu anatunza ubeti, sauti ni sababu tu. Likifika neno linalomhusu jirani yake, anainuka na noti taratibu, anapita mbele ya mhusika, anacheza kidogo, ujumbe umefika na hakuna aliyetukanwa. Nimeiona hiyohiyo kanisani. Mwimbaji kafika pale maadui wanapoaibishwa, mama mmoja wa safu ya pili akatoka na elfu kumi. Njia ya kati ilikuwa hatua tatu tu kutoka alipokaa. Hakuipita. Alizunguka mpaka upande wa pili, mbele ya mwenyekiti wa kina mama, akasimama hapo kiitikio kizima, noti imeinuliwa, ndipo akaenda kutunza. Kanisa lote lilielewa. Mchungaji alielewa zaidi, maana somo la siku ile lilibadilika ghafla likawa la kusameheana. Sasa hiyo utaiita ibada au burudani? Mimi naiita kijembe, na kilikuwa kimepigwa kwa ustadi.

Na tamasha sina ugomvi. Pasaka watu wanakata tiketi, wanavaa, wanapeleka watoto uwanjani, waimbaji wanaimba, mafundi tunapata posho. Rose Muhando alianzia kwenye kwaya kule Dodoma akaja kuwa mwimbaji wa jukwaani anayejulikana Afrika Mashariki nzima, na wengi wamepita njia aliyoifyeka. Ni kazi halali, kama ya fundi cherehani. Kinachonitia hasira ni kazi inapovaa joho. Tunapatana bei kama ya shoo, analipwa nusu kabla hajapanda gari, halafu mtu akiuliza hesabu anaambiwa asimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Ukitaka kulipwa kama msanii, kubali na kuulizwa kama msanii.

Marekani kulikuwa na mpiga piano, Keith Green, aliyeliona hilo mapema. Albamu yake ya mwaka 1980 aliitoa kwa yeyote aitakaye, kwa kiasi ambacho mtu ana uwezo nacho. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1982, hajafika hata miaka 30. Namheshimu sana, ila sikutumi umfuate, maana mwenye nyumba wa Mbagala hapokei kiasi ulicho na uwezo nacho.

Huyo wa flashi sikufichi, hakuimba. Hata burudani yenyewe hakuitoa, sembuse ibada. Ukumbini enzi zetu angeshushwa kabla ya ubeti wa pili, na waliokuwa karibu na kaunta wangemsindikiza kwa maneno ambayo gazeti hili haliyachapi.

Pelekeni kwenye baraza hivi: wimbo wa toba, hakuna anayeinuka, hata awe mgeni rasmi. Wimbo wa sifa, mwenye noti aipeleke kwenye kapu la kwaya, lihesabiwe na watu wawili wasio ndugu. Watanuna mwezi mmoja. Wale wa vijembe watanuna zaidi.

Mzee, moshi na taa za rangi kanisani, ndiyo au hapana?
Fundi Taa, Sinza

Taa ndiyo, mradi watu waonane nyuso na mtu aweze kusoma Biblia yake. Moshi hapana. Kuna wenye pumu, na kuna mhudumu mmoja wa mlangoni ninayemjua alishakimbilia ndoo ya maji.

Salaam, Mzee wa Besi. Ni mchungaji wa kanisa dogo Chanika, waumini kama themanini, jengo la matofali, juu bati tupu. Vijana wananikimbia. Jumapili asubuhi wanapanda daladala kwenda makanisa ya mjini yenye bendi. Tumechangishana milioni tatu. Wengine wanataka dramu na magitaa, wengine wanasema tumalizie dari. Wewe unasemaje?
Mchungaji, Chanika

Dari, mchungaji. Hata kesho.

Dramu chini ya bati tupu ni sawa na kupiga sufuria ndani ya pipa. Nilikwenda Pugu kwenye chumba cha aina hiyo na kipimo cha sauti. Dramu peke yake, bila spika hata moja, ilikuwa inagonga desibeli 100. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango kwa kumbi za muziki, wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15, na wanataka watu wapewe vizibo vya masikio na mahali pa kutulia. Wewe una watoto wa Sunday school kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwenye toazi. Zaburi ya 150 inayataka matoazi yavumayo sana, naijua, lakini mwimbaji wake hakuwa chini ya bati la geji 30. Na majirani nao wana simu. Malalamiko ya kelele yanayofika NEMC, lile baraza la mazingira, si ya baa peke yake, ya nyumba za ibada yamo.

Vijana wako hata ukinunua dramu wapo watakaokwenda tu. Mjini kuna bendi, kuna chipsi baada ya ibada, kuna wachumba. Usishindane na wachumba.

Kuna kanisa la Watford, Uingereza, lililokuwa na vijana wengi na bendi nzuri. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni mchungaji wao akaona watu wamegeuka watazamaji, wanapima wimbo wa leo na wa wiki iliyopita. Akaondoa bendi na vipaza sauti kwa kipindi, waimbe kwa koo zao. Mwanzoni ilikuwa kimya cha aibu, kila mtu anamsubiri mwenzake. Polepole wakaanza kuleta maombi yao na nyimbo zao wenyewe. Baadaye vyombo vilirudi, na Matt Redman, aliyekuwa kiongozi wao wa nyimbo, akatunga wimbo juu ya yale waliyoyapitia. Wimbo huo sasa unaimbwa dunia nzima, na mara nyingi, Bwana anisamehe kwa kucheka, unaimbwa na bendi kubwa yenye taa na moshi. Wewe mchungaji huna cha kuondoa. Walikohangaika kufika wenzako, wewe uko tayari, unachokosa ni dari.

Ukishapiga silingibodi, sauti za watu themanini zitakushangaza, maana saa hizi bati linazitawanya zote. Kitakachobaki nunua gitaa kavu, lile tunaloliita galatoni, ngoma mbili, kayamba, na maikrofoni moja ya maana ya kwako wewe. Vijana ndio waende wenyewe Kariakoo kuchagua, na mzee mmoja wa kushika fedha, lakini mzee asichague chochote. Ukimnunulia kijana chombo atakipiga akichoka atakiacha. Akikihangaikia mwenyewe, akabishana bei, akakibeba kwenye daladala watu wanamsukuma, hicho hakiachi. Gitaa la umeme lije mwaka wa pili, kukiwa na mtu anayejua kulipiga. Na nyaya, tafadhali, msinunue za bei ya kutupa. Nusu ya mapepo niliyoyasikia kanisani yalikuwa ni waya mbovu.

Huyo wa galatoni akipatikana niambie. Nitakuja Jumamosi mbili tatu kumwonyesha namna ya kupiga nyuma ya watu wanaoimba, somo ambalo mimi nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na ushee. Nauli mpaka Gongo la Mboto nitajilipia, kuanzia hapo unitumie bodaboda, na asiwe yule anayepiga honi njia nzima.